Mpaka Waseme Shukeni

Kila nyumba tunayofika, mama mdogo hufanya mambo yale yale. Ananiambia nizime gari. Anavua kitambulisho cha ofisi shingoni, anakitia kwenye kijidroo cha dashibodi, anakifunga. Kisha ananyoosha mkono wake mzima, ule usio na plasta, anaupitisha mbele ya kifua changu mpaka kwenye usukani, anagusa honi mara mbili, kidogo tu, kama mtu anayekohoa ili ajulikane yupo. Halafu tunakaa.

Hashuki. Hata mvua ikinyesha, hata mbwa akiwa ameshatuzoea na anatutikisia mkia, hata mwenye nyumba akionekana wazi dirishani anaosha vyombo, hashuki mpaka mtu atoke barazani aseme, "Shukeni basi." Huku kwetu milimani, mashariki ya Kentucky, mtu mwema haendi moja kwa moja kubisha mlango wa mwenzake. Wanaobisha ni polisi, wadai madeni, na watu wa ustawi wa jamii waliokuja kuchukua watoto. Wengine wote husimama uani wakasubiri. Honi ndiyo hodi yetu, na "shukeni" ndiyo karibu.

Jina lake ni Oleta Stidham, nesi wa kuwatembelea wajawazito majumbani. Mimi ni mtoto wa dada yake. Nilirudi nyumbani kutoka chuo kikuu na shahada ya fasihi, ambayo kaunti nzima haikuwa na haja nayo, nikamkuta ameteleza kwenye mawe ya kijito na kuvunjika kifundo cha mkono. Ikawa mimi ndiye dereva wake mpaka mfupa uunge. Yeye huingia, mimi hubaki garini na kitabu. Ya ndani hanisimulii na mimi simwulizi. Ninayoyasimulia hapa ni yale niliyoyaona na kuyasikia nikiwa uani, na majina ya wengine nimeyabadilisha.

Alizaliwa bonde la pili kutoka hapa tunapoishi, binti wa marehemu Hobert Stidham, mchimba makaa. Akasomea unesi Lexington, akarudi, akafanya kazi wodi ya wazazi ya hospitali ya kaunti hadi wodi ilipofungwa kwa kukosa madaktari. Sasa anayetaka kujifungulia hospitalini sharti avuke mlima. Siku walipokuja na lori kuchukua vitanda, mama mdogo alisimama mlangoni akaangalia mpaka kitanda cha mwisho, kile nilichozaliwa juu yake mimi. Watu walitegemea atalia. Aliwaambia wapakiaji, "Hicho gurudumu lake moja halizunguki. Msije mkawauzia watu wengine balaa," akaenda nyumbani kupika maharage.

Kazi yake ya sasa ni hii: anampata msichana mwenye mimba ya kwanza, mapema iwezekanavyo, na kuwa naye mpaka mtoto atimize miaka miwili. Anapima presha, anapima tumbo, anasikiliza moyo wa mtoto, lakini zaidi anazungumza. Anawafundisha kumsemesha mtoto mchanga ambaye hajui kujibu, jambo ambalo wasichana wengi huliona la kichaa mpaka siku mtoto anapocheka. Ikielezwa hivyo ni kazi nzuri. Mimi nimeiona kutoka kiti cha dereva, na kutoka huko ni kazi ya kusubiri.

Tunasubiri barabara ikauke. Tunasubiri kijito kipungue ndipo tuvuke. Msichana anasema njoo Alhamisi, na Alhamisi amekwenda mjini na shemeji yake kununua nepi. Simu zao zinabadilika namba kama watu wanavyobadili soksi. Kuna mmoja tulimfuata mpaka mwisho kabisa wa bonde, tukakuta si yeye tu aliyehama. Nyumba yenyewe, kwa kuwa ilikuwa ya magurudumu, ilikuwa imevutwa na kuondoka, yamebaki matofali na sufuria moja.

Mama mdogo aliitazama ile sufuria. "Angalau angeacha na mfuniko," alisema.

Hizo ndizo siku zake nzuri. Siku mbaya hasemi kitu. Anafungua biskuti zake za chumvi, anakatia jibini kwa kisu cha mfukoni, anakula akitazama pazia la dirisha la mtu kama vile mtu mwingine angetazama televisheni.

Juu yake ofisini kuna msimamizi, Bi Kendrick, mwanamke mpole wa mjini ambaye hajawahi kuinua sauti. Ni rahisi kumchukia mtu anayekufokea. Bi Kendrick humwambia mama mdogo mambo ya kumtia hasira kwa sauti ya mtu anayekufunika blanketi, na la kwanza kati ya hayo ni kwamba kukaa garini nje ya nyumba ya mtu si ziara. Ziara ni mlango kubishwa na kufunguliwa. Asipopatikana mara tatu mfululizo, jina linaondolewa, anaingia mwingine, maana wanaosubiri nafasi ni wengi.

Ndivyo ilivyokuwa inakaribia kutokea kwa Jerrica.

Jerrica Sizemore alikuwa na miaka kumi na tisa na aliishi bonde la Turkeyfoot, nyumbani kwa bibi wa mchumba wake. Mchumba, Tyrel, alikuwa Ohio akiezeka mapaa. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile walikuwa wawili tu, Jerrica na Bibi Arvella Noble, na mbwa mmoja mzee aliyeitwa Shemasi kwa sababu ya uso wake wa huzuni.

Mwanzoni Jerrica alikuwa starehe yetu ya wiki. Honi ya pili ilikuwa haijalia, naye yuko barazani bila viatu. "Shukeni! Shukeni kabla Bibi hajamaliza mkate wa mahindi!" Na kwangu mimi, niliyejificha nyuma ya kitabu: "Na wewe msomi, hicho kitabu hakina miguu, hakitakimbia. Njoo ule!" Mara mbili nilikwenda. Aliwahi kumwuliza mama mdogo kama mtoto tumboni anasikia redio, na alipoambiwa anasikia, alizima pale pale stesheni ya mieleka.

Siku ya mwisho ya raha hiyo kulikuwa na jua, jambo la nadra mwezi wa pili, hivyo mama mdogo alimpimia presha barazani. Vioo vya gari vilikuwa wazi. Nilimsikia akifungua ile bendi ya mkononi, kisha akaifunga tena na kupima upya.

"Damu yako imepanda kidogo, mpenzi," alisema. "Usiogope, si sana. Lakini nataka daktari akuone wiki hii hii."

"Imepanda?"

"Kidogo."

Nyuma ya mlango wa wavu nilimwona Bibi Arvella amesimama na kitambaa cha vyombo mkononi.

Daktari alikuwa ng'ambo ya mlima, na gari la Bibi Arvella lilikuwa juu ya matofali tangu vuli. Mama mdogo angewapeleka mwenyewe, yaani ningewapeleka mimi, lakini ofisi hairuhusu kumpakia mgonjwa kwenye gari la mtumishi kwa sababu za bima. Akaagiza basi dogo la kubeba wagonjwa, lile linalotoka mjini. Likaja siku iliyopangwa, saa iliyopangwa. Dereva, kijana mwenye sare na kitambulisho kinachoning'inia kifuani, akashuka, akapanda ngazi zote, akagonga mlango kwa ngumi.

Hakuna aliyefungua. Alitoa taarifa kwamba hawakuwepo nyumbani, akageuza basi akaondoka. Bila shaka walikuwepo. Walikuwa wamekaa chini nyuma ya kochi.

Sisi tulikuja kulijua hilo baadaye. Wakati ule tulichokijua ni kwamba tulipofika wiki iliyofuata na mama mdogo akapiga honi zake mbili, Shemasi alinyanyua kichwa, pazia likatikisika, na hakuna aliyetoka. Tulikaa mpaka vioo vikafanya ukungu. Wiki iliyofuata tena vivyo hivyo, ila Shemasi hakunyanyua hata kichwa.

"Wananiona," mama mdogo alisema. "Arvella ananiona waziwazi. Amevaa fulana yake nyekundu."

Tuliporudi mpaka mdomo wa bonde, penye kituo cha mafuta na mtandao wa simu, alimpigia Bi Kendrick akaiweka simu kwenye dashibodi, kwa kuwa mkono wake mzima ulikuwa na biskuti.

"Mlangoni ulibisha, Oleta?"

"Nilipiga honi."

"Oleta, mpendwa, tumeshaongea kuhusu honi."

"Nikibisha mlango ule sitaingia tena nyumba ile maishani."

"Kwani sasa unaingia?"

Mama mdogo aliacha kutafuna.

"Wiki ijayo ni ya tatu," Bi Kendrick aliendelea kwa ile sauti yake ya blanketi. "Sipendi kumwondoa. Lakini kuna wengine wanaofungua. Na jambo jingine dogo. Ukizungumza nao, sema presha. Usiseme damu imepanda. Kwenye mafunzo tulikubaliana kila mtu atumie neno moja."

"Nikisema presha, wanaona nimeingia na ofisi nzima mgongoni."

"Ndiyo neno lake, Oleta."

Alipokata simu mama mdogo alitazama mbele, kule ambako mtu mmoja alikuwa akijaribu kufunga bomba la moshi la lori lake kwa waya. "Anataka nibishe kama askari na niongee kama redio," alisema. "Halafu anashangaa kwa nini watu hawafungui." Akanigeukia. "Endesha. Tusije tukachelewa kwenda kungoja kwingine."

Wiki nzima hakulala vizuri. Nilijua kwa sababu asubuhi nilikuta vikombe vya chai ya mizizi ya sasafrasi kwenye sinki. Alimpigia Tyrel huko Ohio. Simu iliita tu. Alimpigia daktari wa ng'ambo ya mlima. Waliahidi kumpigia na hawakumpigia. Alipiga simu ya mezani ya Bibi Arvella. Ilinyanyuliwa, akasikia redio ya kanisa, ikawekwa. Nilimwuliza kama hawezi kuwapigia watu wa gari la dharura wamchukue tu. Alinitazama kama vile nimependekeza tumfunge kamba.

"Ni mtu mzima," alisema. "Na kwa nilivyompima mara ya mwisho, nilikuwa na wasiwasi tu. Siwezi kumpelekea ving'ora kwa sababu nina wasiwasi."

Siku ya tatu yenyewe mvua ilikuwa imekatika na uani pamejaa tope. Nikazima gari. Kitambulisho kikaingia kwenye kijidroo. Mkono ukapita mbele yangu. Honi, honi.

Pazia. Kisha, kabla hatujakata tamaa, mlango wa wavu ukalia na Bibi Arvella akatoka barazani na fulana yake nyekundu, akasimama juu ya ngazi mikono kiunoni. Hakusema shukeni.

Mama mdogo aliteremsha kioo. "Habari za asubuhi, Bibi Arvella."

"Zilikuwa nzuri."

"Nimekuja kumwona Jerrica."

"Na mwenzako mwenye ngumi umemwacha wapi leo?"

"Mwenzangu yupi?"

"Yule wa sare. Usijifanye mtakatifu, mtoto wa Hobert. Umekaa kwenye baraza yangu, umekula mkate wangu, halafu unaniletea mtu wa kugonga mlango wangu kama anatafuta mwizi. Nilidhani mbao zitapasuka. Mimba yenyewe haijazaliwa mmeshakuja kuichukua!"

Nilimwona mama mdogo akifumba macho. Alikuwa ameelewa, yote kwa pamoja. "Yule alikuwa dereva wa basi," alisema. "Alikuja kumpeleka kwa daktari. Ni mtu wa mjini, Bibi Arvella. Hakujua."

"Basi kumbe mjini hawana adabu."

"Hawana," mama mdogo alisema kwa moyo wake wote. "Naomba nimwone. Naomba nimpime tu. Hata hapo barazani."

"Hana haja ya kupimwa. Tumeshamtibu."

"Mmemtibu kwa nini?"

"Si wewe mwenyewe uliyesema damu imepanda?" Bibi Arvella alisema kama mtu anayemweleza mtoto mzito wa kuelewa. "Damu ikipanda dawa yake unaijua, au chuo kilikusahaulisha? Anakunywa maji ya achari. Kikombe asubuhi, kikombe jioni, yale yangu ya matango, makali. Na anayapenda! Ameanza na kula matango yenyewe. Chupa za msimu mzima zinakwisha."

Niseme hapa jambo ambalo kwetu halihitaji kusemwa. Kwa wazee wa mabonde haya, damu kupanda si presha. Ni damu kuwa nyingi mno mwilini, nzito, yenye utajiri, inayojaa kutoka chini hadi ikafika kichwani, kama maji ya kijito wakati wa theluji kuyeyuka. Mtu wa aina hiyo hapelekwi kwa daktari. Anapewa kitu kichachu cha kuikata damu irudi chini. Mama yake mama mdogo, yaani bibi yangu, alikuwa akimnywesha Hobert siki kila Jumapili. Mama mdogo alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini alipokuwa anasema barazani siku ile ya jua, alikuwa anatafuta tu neno laini, la nyumbani, lisilomtisha msichana. Alilipata. Na neno lile lilikuja na dawa yake.

"Bibi Arvella," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "miguu yake ikoje?"

"Imejaa kidogo. Ya nani mwenye mimba haijai?"

"Uso?"

"Amenenepa uso, anapendeza."

"Kichwa kinamwuma?"

Bibi Arvella alisita. "Tangu jana. Nimemlaza na kitambaa cha maji baridi. Damu ikiwa inashuka lazima kichwa kiume."

"Bibi Arvella, naomba nipande."

"Hapana."

"Nakuomba."

"Nimesema hapana. Leo hukaribishwi. Siku nyingine labda, nikishapoa."

Mama mdogo alikuwa ameshashuka garini na amesimama kwenye tope chini ya ngazi. Sijawahi kumwona akishuka bila kuambiwa. Lakini hata pale alisimama. Aliweka mkono wake mzima kwenye nguzo ya ngazi akasimama, naye Bibi Arvella juu amesimama, na ingeweza kuwa hivyo mpaka jioni, maana hawa ni watu wa aina moja.

Ndipo sauti ya Jerrica ikatoka ndani, ndogo, ya mtu aliyeamka vibaya. "Bibi? Mbona umezima taa?"

Bibi Arvella aligeuka. Kupitia mlango wa wavu, hata mimi niliyekuwa garini niliiona taa. Ilikuwa inawaka.

Mama mdogo alipanda. Hakukimbia, alipanda zile ngazi kama mtu anayeingia kwake, akampita Bibi Arvella, bega kwa bega, akafungua mlango wa wavu.

"Sijakukaribisha!" Bibi Arvella alipiga kelele. "Oleta Stidham! Sijasema shuka! Baba yako angejificha uso!"

"Nitamwomba radhi nikimkuta," mama mdogo alijibu kutoka ndani. Kisha akaniita kwa sauti kubwa nimletee mkoba na nigeuze gari liangalie barabara.

Nilipoingia na mkoba, Jerrica alikuwa kwenye kochi, macho wazi, akitazama upande ambao sisi hatukuwepo. "Bi Oleta, ni wewe?" alisema. "Naona vinyota tu. Usinigombeze kwa matango." Mama mdogo akamwambia hakuna wa kumgombeza, alalie upande wa kushoto, ampe mkono. Alipima mara moja tu. Hakurudia kama siku ile. Alichukua simu ya mezani akaita gari la dharura, akaambiwa liko mbali na barabara ya juu ina tope, akasema basi tukutane mdomo wa bonde kwenye kituo cha mafuta, akaweka simu. Hakuuliza mtu kuhusu bima.

Tulimbeba watatu, mimi, yeye kwa mkono mmoja, na Bibi Arvella ambaye alikuwa analia na kutukana kwa wakati mmoja. "Polepole, mbuzi nyie! Kichwa! Shikeni kichwa!" Alipanda nyuma akampakata Jerrica njia nzima. Nilikuwa naendesha na kusikia sauti ya mama mdogo ikimsemesha msichana mfululizo, mambo ya kawaida kabisa, redio, Shemasi, Tyrel, ili akijibu ajue bado yupo nasi, na asipojibu ajue pia. Gari la dharura lilikuwa limeshafika. Wakamchukua, Bibi Arvella akapanda naye bila kututazama.

Tulibaki pale penye pampu. Mama mdogo alikaa kwenye kiti chake mlango wazi, miguu yenye tope imening'inia nje.

"Yale maji ya achari ndiyo yamefanya hivi?" nilimwuliza.

"Hapana. Chumvi yote ile haikumsaidia, lakini ugonjwa huu wa presha ya mimba ulikuwepo tayari. Achari iliwapa kitu cha kufanya, wakaona hawana haja ya kuniita." Alijaribu kukwangua tope kwenye plasta yake kwa kucha. "Ningesema presha. Neno moja tu. Arvella asingelijua, angeogopa, angenisumbua kwa simu usiku na mchana. Mimi nikajifanya mtoto wa bondeni."

"Wewe ni mtoto wa bondeni."

"Ndiyo. Ningepaswa kujua."

Walimfanyia Jerrica upasuaji siku ile ile ng'ambo ya mlima. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kama kuku wa kuchoma, na alikaa kwenye kisanduku cha joto kwa wiki kadhaa. Macho ya mama yakarudi. Wote wawili wako hai. Lingekuwa jambo la kusherehekea, na nilimnunulia mama mdogo keki ya tufaha tuisherehekee, lakini kila lililofuata lilimfika kama jiwe kwenye kiatu.

Kwanza Jerrica na mtoto hawakurudi Turkeyfoot. Tyrel alikuja akawachukua moja kwa moja kutoka hospitalini kwenda Ohio, na huko si kaunti yetu, kwa hiyo jina likaondolewa. Yule mtoto aliyezimiwa mieleka ya redio akiwa tumboni, mama mdogo hajamshika hata mara moja.

Pili Bi Kendrick alipiga simu kumpongeza. "Unaona, Oleta? Ulipopanda, mlango ulifunguka."

"Haukufunguka," mama mdogo alisema. "Niliufungua mimi."

"Ndicho ninachosema."

Baada ya simu ile alizunguka nyumba akitafuta kitu cha kupigilia misumari.

Na tatu, Bibi Arvella alirudi nyumbani akasimulia. Sitasema alidanganya. Aliwaambia watu kwamba mtoto wa Hobert alimwokoa Jerrica, hilo alilisema wazi kanisani, akalia. Kisha akasema pia kwamba alipanda ngazi zake bila kuambiwa, akampiga kikumbo mlangoni pake, akaingia ndani kama wale wengine. Watu wakasikia yote mawili. La kwanza wakamshukuru Mungu. La pili wakaweka akilini. Bonde lile lina wasichana wengine anaowatembelea, na kwa mwezi mzima sasa tumekuwa tukiyajua mapazia yao vizuri kuliko sura zao. Mmoja ameweka la maua ya njano. Linapendeza.

Leo tumekwenda kwa mwenye maua ya njano. Anaitwa Lorrin, mtoto wake ana miezi minane. Mvua nyepesi. Nikazima gari. Kitambulisho, kijidroo. Plasta imeshaondolewa siku hizi, mkono umebaki mwembamba na mweupe, na kwa haki ningekuwa nimeshamwachia usukani, lakini daktari amesema bado kidogo. Akaunyoosha ule ule mzima. Honi, honi.

Tulimwona Lorrin. Hakuwahi kulivuta pazia kabla hatujamwona. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mtoto kiunoni, mtoto mnene wa mashavu, anatutazama kupitia dirishani na kutupungia mkono kwa mkono wote mpaka begani, kama wanavyopunga wa umri ule. Mama mdogo akampungia. Lorrin akaushusha mkono wa mtoto taratibu, akasogea, akavuta maua ya njano.

Mama mdogo akafungua biskuti zake. Mvua ikaongezeka juu ya paa la gari. Msimamizi wake amempa onyo la maandishi kuhusu honi, na hii ni mara ya pili mfululizo Lorrin hafungui. Ngazi za Lorrin ni chache, za saruji, mtoto angeweza kuzipanda. Nilizitazama, nikamtazama yeye, na nikamwuliza swali ambalo nilikuwa nalo tangu Turkeyfoot.

"Mama mdogo, kama kwa Jerrica ulipanda, kwa nini hapa hupandi?"

Akapangusa makombo kwenye sketi.

"Hawa hawaumwi," alisema. "Hawanitaki tu."